Dada, yerba mate haichemshwi, ndo maana imekushinda

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tanga, nalifupisha kidogo:

"Asalaam aleikum kaka. Mdogo wangu karudi likizo toka Sharjah, kaniletea yerba mate pakiti ya nusu kilo, kibuyu kidogo kilichozungushiwa ngozi na mrija wa chuma. Anasema kazini kwao Wasiria wanakunywa hiyo kitu kutwa. Nikaichemsha na maziwa dakika kumi kama chai, nikatia iliki na sukari, nikamimina na majani yake kwenye kibuyu. Kwanza chungu kama mwarobaini, pili kila nikivuta nakula vumbi, mwisho mrija ukaziba kabisa. Nikakirudisha kibuyu kabatini, baada ya siku tatu kimeota ukungu. Mume wangu ananicheka, anasema ndo ujue, kitu chenyewe kinaitwa mate. Nimekosea wapi? Kibuyu nikitupe? Halafu yeye ana vidonda vya tumbo, akitaka kuonja anaweza?"

Waaleikum salaam dada yangu, na pole kwa hayo maziwa.

Tuanze na shemeji maana kicheko chake nakielewa. Mi mwenyewe siku ya kwanza nilipoambiwa na Msiria mmoja, mtu wa Suwayda, tuliyekuwa tunapika naye jiko moja hukohuko Sharjah, "kaa hapa unywe mate", nilimwangalia usoni nione kama ananitania. Kumbe neno limetoka mbali, kwa Kiketchua, lugha ya kule milima ya Andes, mati ni kibuyu, Wahispania wakalichukua wakalifanya mate, na yerba kwao ni majani. Kwa hiyo pakiti yako imeandikwa majani ya kibuyu, basi. Bahati mbaya matamshi yamegongana na ya kwetu herufi kwa herufi, mwache shemeji acheke tu, tena hapo bado hajaambiwa kwamba wenyewe huko Amerika Kusini wanakaa watu sita wanapokezana mrija mmoja huohuo bila hata kuufuta.

Ili tusichanganyane humu ndani, kinywaji nitakiita mate, majani nitayaita yerba, na kile kibomba cha chuma, ambacho wenyewe wanaandika bombilla na Waajentina wanakitamka kama bombisha, mi nitakiita mrija kama ulivyokiita wewe.

Sasa kosa. Kosa lako ni moja, mengine yote yamezaliwa na hilohilo: umeichemsha. Na sikulaumu, sisi chai tumezoea kuikamua, majani kijiko kimoja, maji sufuria nzima, moto mkali, kila kilichomo kitoke mara moja, chuja, mimina, kwisha habari. Mate inakwenda kinyume kabisa. Majani mengi mno, yaani kibuyu karibu kijae, maji unatia kidogo kidogo funda mbili tatu, unavuta, unatia tena, na majani hayaloweshwi yote kwa pamoja, upande mmoja unakaa mkavu makusudi kwa sababu ile ndo akiba yako ya baadae. Ukipanga vizuri kibuyu kimoja kinakula maji ya chupa ya chai ya lita nzima na bado funda la mwisho lina ladha. We umeyalowesha yote, tena kwa maji yanayotokota, kwa dakika kumi, kwa hiyo uchungu uliotakiwa ugawanywe kwenye funda sitini umeukusanya kwenye kikombe kimoja, mwarobaini lazima.

Na hilo vumbi usidhani mdogo wako kauziwa makapi. Yerba sio mchai, ni mti mwingine, kitaalamu Ilex paraguariensis, unaota Paraguay, kusini mwa Brazili na ile pembe ya kaskazini mashariki ya Ajentina, mikoa ya Misiones na Corrientes. Wakivuna wanakata vitawi pamoja na majani, wanavipitisha kwenye ndimi za moto sekunde chache tu ili jani lisigeuke jeusi kama chai yetu, wanavikausha, wanavipondaponda, halafu Ajentina wanavilaza ghalani miezi na miezi, mara nyingi mwaka mzima au zaidi, ladha ile kali ya moshi itulie. Kwa hiyo ndani ya pakiti unakuta jani lililopondwa, vijiti, na unga, vyote halali yake. Vijiti usivitoe! Kuna watu wanakaa na ungo wanachagua kama mchele, unapoteza muda na unajiharibia, vijiti ndo vinafanya kinywaji kiwe laini na vinaacha nafasi maji yapite, sheria ya Ajentina yenyewe inaruhusu hadi asilimia 35 ya vijiti kwenye yerba ya kawaida. Ila zile za kupelekwa Siria na Lebanoni mara nyingi ni za kusagwa zaidi na vijiti vichache, nadhani ya kwako ni hiyo, kwa hiyo inataka uangalifu kidogo kuliko ile ya kwa Waajentina wenyewe.

Ushauri wangu wa kwanza utakushangaza: wiki hii kibuyu kiweke pembeni, chukua glasi. Glasi ya kawaida nene ya kunywea maji, isiwe pana sana. Kwenye kibuyu huoni kitu, unapapasa gizani, kwenye glasi unaona wapi pamelowa na wapi pakavu, ukishaelewa ndo urudi kwenye kibuyu. Na wala sio kujishusha, huyo rafiki yangu wa Suwayda na wenzake walikuwa wanatumia vigilasi vidogo kila mtu na chake, kibuyu wanakiweka sebuleni kama pambo.

Mimina yerba kavu kwenye glasi mpaka ifike kama theluthi mbili ya glasi, usione uchoyo, kwa kibuyu cha wastani ni kama gramu 50, maana yake nusu kilo yako ni vibuyu kumi hivi. Sasa ziba mdomo wa glasi kwa kiganja, ipindue juu chini, tikisa mara kadhaa. Ukiigeuza kiganja chako kitakuwa na unga wa kijani, upulize uende zake au upanguse. Ndo vumbi ulilokuwa unakula hilo. Huwezi kulimaliza lote, ila ulilobakisha sasa limekuja juu, na mrija wako matundu yake yako chini, wameshaachana.

Halafu, na hapa ndo pana kazi, usiisimamishe glasi wima. Ilaze kama mtu anayemimina soda taratibu, gonga gonga ubavuni, yerba yote ihamie upande mmoja ibaki kama kichuguu, juu kabisa inagusa karibu mdomo wa glasi, na upande wa pili pana bonde limeshuka mpaka karibu na kitako. Rudisha glasi wima polepole, kichuguu kikae. Kikiporomoka rudia, mi kiliniporomokea wiki nzima.

Kwenye lile bonde mimina maji ya uvuguvugu, hata ya kawaida yasiyo baridi sana, kidogo tu, yafike nusu ya kichuguu na yasikipande juu. Subiri dakika moja au mbili. Utaona maji yanazama na yerba inavimba, inashikana kama udongo wa kufinyangia. Hiyo dakika watu wengi wanairuka na ndo inayookoa kila kitu, kwanza kichuguu kinakuwa kigumu hakiporomoki tena, pili jani likishakunywa maji ya uvuguvugu halishtuki ukilitia ya moto, halitemi uchungu wote kwa mkupuo.

Sasa mrija. Ziba tundu la juu kwa dole gumba, uzamishe kwenye bonde palipolowa, ushuke mpaka chini kabisa, uulaze kwenye ukuta wa glasi, achia dole. Kwisha, usiuguse tena. Dada nakuomba, usikoroge. Najua mkono utawasha, sisi mtu akishika kitu kinachofanana na kijiko lazima akoroge sukari. Baada ya Sharjah mi nilikuja kukaa Posadas, mji mkuu wa huko Misiones, ukingoni mwa mto Paraná, mwaka mmoja na ushee, na bibi mwenye nyumba niliyopanga, mtu mpole kweli, siku aliyoniona nauzungusha mrija alinishika kifundo cha mkono kama mtoto anayetaka kugusa jiko. Ukikoroga kichuguu kinavunjika, unga unashuka kwenye matundu, na hapo ndo unakutana na ule mrija ulioziba uliousema.

Maji ya kunywea ndo yanafuata, na yenyewe yawe nyuzi 70 mpaka 80, sio 100. Najua nyumbani huna kipimajoto cha maji, mi pia sina. Ajentina wanaangalia birika, likianza tu kuimba na vipovu vidogo vidogo vikianza kunyanyuka toka chini wanalitoa, likitokota wanasema maji yameharibika na kuna watu wanayamwaga kabisa. Sisi hatuwezi kuiga hilo kichwakichwa kwa sababu maji yetu ya bomba sharti yachemke kwanza ndo uyaamini. Kwa hiyo fanya hivi: kila vikombe viwili vya maji yanayotokota changanya kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa jana yakapoa, kwa joto la Tanga unaangukia kwenye nyuzi 75 hivi, penyewe kabisa. Tia kwenye chupa ya chai, funga. (Chupa isiwe ile ya kila siku ya chai ya tangawizi, itanukia mpaka Idi.)

Mimina palepale mrija ulipo, kidogo, bonde lijae tu, kichwa cha kichuguu kibaki kikavu. Vuta. Funda la kwanza ni chungu na lina vumbi kidogo, hilo halina dawa, Waajentina wanaliita la mjinga, na mjinga mwenyewe ni yule anayeandaa, yeye ndo analinywa au analitema, mgeni haanzi yeye. La pili limetulia, la tatu mpaka la saba ndo raha yenyewe, juu unaona povu jembamba la kijani kama la matembele yanayochemka. Vuta mpaka mrija ukorome, ile sauti ya mwisho kabisa ambayo ukiifanya na soda mezani unagombezwa, kule ndo adabu, inaonyesha umemaliza na mwenzio ajaziwe. Ikifika mahali ladha imekuwa ya maji maji na vijiti vinaelea, nyanyua mrija mara moja tu, uhamishie upande ule mkavu, mimina huko, unapata raundi nyingine nne tano. Hiyo ndo akiba niliyokwambia.

Sukari ukitaka tia, punje kidogo palepale mrijani kabla ya maji, hakuna polisi. Wapo wanaosema mate ya sukari sio mate, na kwenye nyumba hiyohiyo bibi aliyesema hivyo mumewe alikuwa anatia vijiko viwili. Mi natumia ganda la chungwa lililokaushwa juani, kipande kama ukucha.

Kwa nini nimeng'ang'ania maji yasiwe ya kuchemka, sio uchungu tu. Lile shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO mwaka 1991 liliweka mate ya moto kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, watu wakaogopa majani, lakini 2016 wakalipitia upya wakasema shida iko kwenye joto, vinywaji vyovyote vinavyonywewa vikiwa zaidi ya nyuzi 65 vinaunguza koo mara kwa mara na huenda vinaleta saratani ya umio, iwe mate, iwe chai, iwe kahawa, na mate isiyo ya moto sana hawakuikuta na ushahidi wa kutosha kuihukumu. Sasa utaniuliza mbona nimesema 75. Maji yakigusa yerba ya baridi na glasi yanashuka, lakini mrija wa chuma unapeleka moto moja kwa moja mdomoni bila kupoa njiani, kwa hiyo mimina, hesabu mpaka ishirini, ndo uvute. Ukiona mdomo unaruka, bado.

Kibuyu sasa. Umekitia maziwa na sukari, dada! Kibuyu kina vitundu vidogovidogo ndani, kinanyonya, ndo maana Wakalenjin wa Kenya wanatengenezea mursik, maziwa yao ya mgando, kwenye kibuyu, ila wao kabla ya maziwa wanakisugua ndani kwa mkaa wa mti maalumu, sio bahati nasibu, na maziwa wanataka yagande. Wewe umepata mursik bila kukusudia. Kitoe majani yote, kwangua ndani kwa kijiko taratibu, usichimbe pale chini kwenye kikonyo maana pakitoboka hakuna kibuyu tena. Mimina maji yanayotokota, hapa ruksa yatokote, acha dakika kumi, mwaga, rudia mara tatu, halafu kianike juani siku mbili tatu mdomo ukiangalia jua. Nusa. Kikinuka mbao na majani umekiokoa. Kikiwa bado na harufu ya uvundo au madoa meusi yameingia ndani ya nyama yake, tupa bila huruma, cha dola chache hakistahili tumbo lako.

Kama umekiokoa, kianze upya kama kipya: chukua yerba uliyomaliza kunywea kwenye glasi, ikiwa bado na maji maji, kijaze nayo, ongeza maji ya moto kidogo, kiache siku nzima, mwaga, kwangua ule utando laini unaobanduka, rudia siku ya pili, kausha. Kuanzia hapo sheria ni moja, ukimaliza kunywa mwaga palepale, suuza kwa maji matupu bila sabuni, kiinamishe ubavu hewa iingie, kwa unyevu wa huko kwenu pwani kibuyu chenye majani kikilala usiku kucha tu asubuhi kina ndevu. Mrija wenyewe uchemshe kwenye maji yenye kijiko cha bekingi soda, pulizia toka upande wa mdomoni, utatoa uchafu utakaoushangaa.

Na ukikitupa usilie, vibuyu ni vyetu. Sio maneno ya kujifariji, mmea wa kibuyu asili yake ni Afrika, na utafiti wa DNA uliotoka 2014 ulionyesha vibuyu vya kale vya Amerika vina nasaba na vya Afrika, inaelekea vilielea baharini vyenyewe kuvuka Atlantiki maelfu ya miaka kabla ya jahazi lolote. Kwa hiyo Mguarani, mwenyeji wa asili wa huko yerba inakoota, anakunywea chombo cha kwetu. Ila usikimbilie kununua cha sokoni cha mapambo, vingi vimepakwa vanishi, na kibuyu kibichi kibichi kinaweza kuwa na uchungu mkali ambao ni sumu, ukiloweka maji ndani usiku kucha ukaonja kwa ncha ya ulimi yakawa machungu kama shubiri, hicho acha. Kikombe cha udongo kinatosha kabisa.

Maziwa uliyotia pia hayakuwa dhambi, ulikosea njia tu. Kuna mate inayopikwa kama chai, wanaiita mate cocido, watoto wa shule wa Ajentina wanapewa asubuhi na maziwa na mkate. Kijiko kimoja cha chakula cha yerba kwa kikombe, maji yaliyokaribia kuchemka, funika dakika tatu mpaka tano, chuja kwa kitambaa au chujio la tui, tia maziwa ya moto na sukari. Iliki yako hapo inakaa, nimejaribu. Na wewe mwenye jiko la mkaa, Waparagwai wana yao tamu kuliko zote: yerba na sukari vijiko viwili viwili kwenye sufuria kavu, unaweka juu yake kaa la moto jekundu, unakoroga (hapa sasa koroga utakavyo) sukari inaungua inatoa moshi wa harufu ya kashata iliyopitiliza, unamwagia maji, inalia tsss, unachuja. Mkaa uwe wa miti, sio wa vifuu uliowashwa kwa mafuta ya taa, tafadhali.

Lakini kwa jua la Tanga kama ningekuwa mimi ningenywa terere. Ni mate ya baridi ya Paraguay, nchi ambayo joto lake ni la kukimbia nyumba, wanainywea kwenye pembe ya ng'ombe iliyozibwa chini, na mwaka 2020 UNESCO waliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu pamoja na ule ujuzi wa kuchanganya mitishamba. Kupanga ni vilevile, kichuguu na bonde, ila maji ni ya barafu, na ndani ya jagi la maji wanatia mitishamba waliyoitwanga kwenye kinu, nanaa, mchaichai, na mingineyo ya kwao. Mchaichai unao uani bila shaka. Twanga mashina mawili, tia kwenye jagi na barafu na limau, mimina kidogo kidogo. Vijana wa Misiones wanatumia juisi badala ya maji, mi nilijaribu na ya ukwaju nikaipenda, ila mrija unataka kuoshwa mara moja maana sukari inagandia.

Shemeji na vidonda vyake, hapo sitanii. Kafeini iko ya kutosha, wanaokwambia mate haina kafeini ina kitu kingine kinaitwa mateini wanakuuzia jina, ni kafeini ileile ya kahawa. Jani kavu lina kama asilimia 1, gramu 50 za kibuyu zinaweza kubeba karibu miligramu 500, haitoki yote, lakini mtu mzima mwenye afya anashauriwa asizidi 400 kwa siku na mjamzito 200. Kafeini inachochea asidi tumboni, na ya moto juu yake inachokoza kidonda. Asinywe mpaka daktari wake aseme, na hata akisema isiwe tumbo tupu. Kwako wewe, usinywe baada ya magharibi kama unataka kulala, na usiinywe pamoja na chakula, inabana madini ya chuma yasiingie mwilini vizuri, kama chai tu.

Mwisho kama utawaalika majirani. Anayeandaa ni mmoja, yeye ndo anajaza na kupokea kibuyu, kinakwenda kwa mmoja, anamaliza chote, kinarudi kwake, anajaza, kinakwenda kwa wa pili. Ni kama muuza kahawa wa barazani na vikombe vyake kwenye ndoo, ila hapa kikombe ni kimoja na haulipi. Ndugu zetu Wateso wana chungu kimoja na mirija mingi, Burundi vilevile na pombe ya mtama, hawa wa mate wao mrija ndo mmoja. Jioni yangu ya kwanza Posadas yule bibi alinipa kibuyu, nikanywa, nikarudisha kwa mikono miwili nikasema gracias, yaani ahsante, kwa adabu zangu zote za kulelewa. Kikazunguka, kikanipita. Kikazunguka tena, kikanipita tena. Nikakaa pale nusu saa najiuliza nimemkosea nani. Kumbe kule ukisema ahsante maana yake umetosheka, usijaziwe tena, kama bado unataka unarudisha kimya kimya. Kwa Mswahili hiyo ni ngumu kuliko kichuguu. Na kama hamtaki kubadilishana mate kwa mate, kila mtu na glasi yake na mrija wake kama Wasiria, hakuna atakayewashtaki, wakati wa Korona 2020 hata Ajentina wenyewe walifanya hivyo.

Pakiti iliyobaki ikunje, ibane kibanio cha nguo, uitie kwenye kopo la kufunga, na isikae kabati moja na bizari au karafuu. Yerba inanyonya harufu haraka sana, ya kwangu ya kwanza ilikaa wiki moja karibu na ng'onda.